Paa la Enid

Pale Padiham, mji wetu mdogo wa Kiingereza chini ya mlima Pendle, mbele ya duka la pai la Maggie Thornber, kuna benchi la mbao lenye kibamba cha shaba kinachosema kwamba marehemu Ernest Whittam alipenda sana kukaa hapo. Uongo mtupu! Benchi lilinunuliwa na wanawe baada ya kumzika, na Ernest mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa akikaa baa ya ng'ambo, kiti cha pembeni, mpaka wamzimie taa. Lakini ndivyo tulivyo huku kwetu, mtu akishakufa ndipo tunamtafutia pa kukaa. Basi hapo kwa Ernest ndipo kilipo kijiwe cha wazee wanne, kila asubuhi isipokuwa Jumapili Maggie anapofunga, inyeshe isinyeshe, na kunyesha inanyesha. Chai wananunua ndani na kuinywea nje, maana Maggie anawaita wote "mpenzi" lakini kiti hampi mtu.

Asubuhi hiyo ya Oktoba aliyewahi ni Clifford Ormerod. Kijiweni wanamwita Vioo, kwa sababu hana habari nyingine isipokuwa chumba chake cha vioo, kile kilichopachikwa nyuma ya nyumba yake, kuta za vioo na paa la plastiki. Alikuwa amevaa tai, na macho yake hayabanduki mwisho wa barabara.

Wa pili kufika alikuwa Ronnie Hindle. Huyo ni Selotepu. Hakuna kitu duniani alichowahi kukitengeneza kwa kitu kingine isipokuwa utepe wa gundi.

— We Vioo, nani kafa?

— Hajafa mtu.

— Sasa tai ya nini Jumatano?

— Anakuja mtu wa paa. Nimemwambia anikute hapa, kwetu kichochoroni hakuna anayepaona.

— Wacha wee! Umempigia simu kweli?

— Nimempigia.

Selotepu alikaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa mchezo umekwisha. Ana haki. Habari ya lile paa ilikuwa imewalisha kijiweni zaidi ya mwaka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Enid, mke wa Clifford, alianguka kwenye ngazi za nyumba yao, ngazi zilizosimama wima kama za kupandia dari. Kabla mfupa haujaunga, kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Wakampeleka nyumba ya wauguzi kule kilimani. Mwanzoni walimwambia Clifford kwamba mama anaweza kurudi, mradi kuwe na chumba cha chini chenye joto mwaka mzima. Chini kwake pana jiko, sebule isiyogeuza hata kiti cha magurudumu, na chumba cha vioo. Na hicho chumba kinakalika Mei kidogo na Septemba kidogo, basi. Julai mtu anaiva. Januari maji ya maua yanaganda kwenye chombo. Kwa hiyo paa ndilo lililosimama kati yake na Enid, na kijiwe kizima kilijua.

Wakaja Utabiri na Zamu, wamefuatana. Utabiri ni Eric Tattersall, mwenye goti linalotabiri mvua siku ya pili yake, na kwa Padiham goti la namna hiyo halikosei. Zamu ni Rafiq Mahmood, aliyekuja kutoka Mirpur akiwa kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, zamu ya usiku, mpaka kiwanda kikafungwa. Wenzake wanakula pai za nyama, yeye ya jibini na vitunguu, na kila siku Selotepu anaiangalia kwa wivu.

— Enid hajambo? — aliuliza Utabiri.

— Hajambo.

— Vizuri. Kumepoa leo.

— Kumepoa.

Hapo wakamaliza habari za Enid. Huku kwetu mtu hamuulizi mwenzake jambo zito mpaka apitie kwanza kwenye hali ya hewa, na wengi wetu tukishaingia kwenye hali ya hewa hatutoki.

— Mtu wa paa anakuja — alitangaza Selotepu. — Vioo kaamua kutupa mali. Mara ngapi nimekwambia? Chukua zile plastiki za mapovu wanazofungia vyombo, bandika paa lote kwa ndani, halafu utepe wa rangi ya fedha juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Methali imesema ziba — alijibu Zamu. — Haikusema bandika. Kwako ulibandika, kukawa nini? Jua la Julai likawaka siku mbili, gundi ikayeyuka, paka akanasa mgongo.

— Paka alikuwa na papara zake. Haraka haraka haina baraka.

— Paka alikuwa amelala, Selotepu!

Clifford akacheka. Wakati mwingine alifikiri kama si hawa watu, na hiki kikombe cha chai, asubuhi zingemshinda.

— Nyote mnakosea — alisema Utabiri, akinyoosha goti lake. — Tatizo si paa. Tatizo ni mlima. Chumba cha Vioo kinaitazama Pendle uso kwa uso. Baridi yote inateremka pale inaingia kwake moja kwa moja. Dawa ni kukigeuza.

— Nigeuze chumba?

— Geuza nyumba. Chumba kitafuata. Mkono mtupu haulambwi.

— Sasa hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia, imekaa. Wewe geuza nyumba.

— Sikilizeni mtu mzima — alisema Zamu, akifuta chembe za pai kwenye ndevu. — Baba yangu aliezeka kwa udongo na majani makavu, unene wa shubiri mbili. Kiangazi ndani kumepoa, kipupwe ndani kuna joto. Wala hakuwa na mtu wa paa.

— Udongo! — Selotepu aliruka. — Kwa mvua hii? Kabla ya chakula cha mchana udongo wote uko kwenye supu.

— Unapanda nyasi juu, mizizi inashika.

— Na nyasi atakata nani? Vioo? Na mgongo ule?

— Kondoo.

— Ebo! Kondoo juu ya paa?

— We umezaliwa hapa, hujawaona kondoo wa Pendle wanavyosimama? Paa la Vioo kwao ni uwanja wa mpira.

— Mmoja atatosha au wawili? — aliuliza Clifford, uso mkavu.

— Wawili, wasione upweke.

Hapo tayari Selotepu alikuwa hakaliki.

— Kondoo wa nini wakati kuna njiwa? Mimi nimefuga njiwa wa mashindano miaka na miaka, nawajua. Njiwa mmoja, mshike hivi kifuani, ana joto kuliko mke. Weka dari juu, weka dari chini, katikati jaza njiwa. Enid atalala chini yao kama yai.

— Na kinyesi?

— Kinyesi nacho ni joto!

— Dua la kuku halimpati mwewe — alionya Utabiri.

— Ndiyo maana nikasema njiwa, sikusema kuku!

— Hebu tulieni — alisema Utabiri, na akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. — Chini ya miguu yetu hapa kuna nini? Mashimo ya makaa ya mawe. Babu zetu wote walichimba. Sasa yamejaa maji, na yale maji ni ya uvuguvugu, kipupwe na kiangazi. Joto halipandishwi juu. Chumba ndicho kinashushwa.

— Unataka nikishushe chumba cha vioo mgodini?

— Taratibu. Kwa kamba.

— Na Enid humo atatazama nini?

— Taa zipo, bwana.

Walicheka mpaka Maggie akagonga kioo kwa ndani. Clifford alicheka na wenzake, akapangusa macho, na akaangalia tena mwisho wa barabara.

Maana kulikuwa na jambo ambalo kijiwe hakijui. Kule nyuma, mwezi wa Aprili, msimu kondoo wanapozaa, mkuu wa wauguzi alimsimamisha kwenye ujia, akamshika kiwiko, akamwambia kwa upole kwamba mama sasa anahitaji watu wawili kumgeuza, mchana na usiku. Si suala la chumba tena. Clifford alisema asante, akauliza lile koti la mvua kwenye ndoano ni la nani, akaenda kituoni kupanda basi. Hakumwambia mtu. Kesho yake alikuja kijiweni na kuuliza kama vigae vya udongo ni bora kuliko vya plastiki, na wakabishana mpaka adhuhuri.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mchochea kuni. Moto ukipoa, anautia kijinga kingine. Maana Enid, kila akienda kumwona, alikuwa na swali moja, kwa ule mdomo wake uliolala upande: "Paa limekwisha?" Na yeye anamjibu, "Bado kidogo, mpenzi." Basi paa lilipokuwa bado, kilichomzuia Enid kurudi ni paa. Siku likiisha, atamwambia nini? Kwa hiyo aliwapenda njiwa, aliwapenda kondoo, na angempenda hata mtu wa kuleta tembo, mradi fundi asije.

Lakini Jumapili iliyopita Clifford alikaa pembeni ya kitanda mpaka chai ikaletwa na vikombe vikachukuliwa, na Enid hakuuliza. Alitazama dirisha tu. Clifford alisubiri lile swali kama mtu anayesubiri basi la mwisho. Akavaa kofia, akaivua, akakaa tena. Usiku huo Clifford hakupata usingizi, na kulipokucha tu akapiga simu.

Gari jeupe la kazi lenye ngazi juu likasimama mbele ya duka. Akashuka dada mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio.

— Samahanini wazee wangu. Namtafuta Mzee Ormerod. Mimi Leanne, wa mapaa.

— Ni mimi — alisema Clifford, akainuka, akaiweka tai sawa.

— Mwanamke! — Selotepu alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka dukani.

— Umeona vizuri, babu — alisema Leanne. — Miwani yako iko sawa.

Utabiri nusura apaliwe. Maggie mwenyewe akatoka na kikombe cha tano, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema birika limeishia hapo, mpenzi, asiombe mtu tena. Wakasogea, Leanne akapata ncha ya benchi, na wakamweleza. Kila mmoja kwa lake na wote kwa pamoja: plastiki za mapovu, kugeuza nyumba, kondoo wawili, njiwa, kamba ya kushushia mgodini. Leanne alisikiliza huku akipuliza chai yake. Hakucheka, na hilo liliwapa heshima kidogo.

— Mimi nafanya hivi — alisema walipokwisha. — Kuta za vioo naziacha. Plastiki ya juu naitoa yote. Naweka fremu nyepesi, juu ya fremu mbao nene za kuzuia baridi, juu yake vigae, na chini dari nyeupe kama chumba kingine chochote. Baada ya hapo kinakalika mwaka mzima. Mwenye kulala atalala, mwenye kula atakula.

Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho? Selotepu alionekana kama mtu aliyepokonywa sahani.

— Na mvua? — aliuliza Clifford. — Sasa hivi ikinyesha ni kama mtu anamwaga njegere kavu kwenye sinia. Hamsikilizani.

— Hutaisikia kabisa. Utamsikia mwenzako hata akinong'ona.

Clifford akaitikia kwa kichwa, lakini moyo ulimrudi nyuma. Enid alikuwa na mchezo wake kwenye ile mvua. Mume akisema neno, yeye anapiga kelele, "NINI?" Mume anarudia neno, mke, "NINI?" Anarudia tena, koo linamwuma, halafu anamwona mke anacheka, kumbe alisikia tangu mara ya kwanza. Kipupwe walikuwa wakikaa humo dakika chache tu, blanketi moja magotini, kwa ubishi, kwa sababu Enid alisema chumba kikijengwa kikaliwe. Alitamani kuisikia ile NINI kuliko alivyotamani joto.

— Ni kwa ajili ya mkewe — Utabiri alimweleza Leanne. — Yuko kule kilimani. Ndiyo maana ya paa, ili arudi nyumbani.

— Aa, vizuri sana — alisema Leanne, na kwa kweli alifurahi. Akatoa penseli sikioni. — Basi nipange mafundi vizuri. Naweza kuwaleta Jumatatu, au niwalete baada ya Krismasi. Mama anarudi lini?

Alilisema kama anavyouliza mtu yeyote. Hakujua amekanyaga nini.

Selotepu akaangalia viatu vyake. Utabiri akashika goti. Zamu akafunga karatasi ya pai, akaikunja, akaikunjua. Zaidi ya mwaka wamebishana juu ya hilo paa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Na kila mmoja, ilionekana, alikwishaogopa jibu zamani.

— Nimesema vibaya? — aliuliza Leanne.

— Hapana, binti yangu — alisema Clifford. — Umesema vizuri. Harudi.

Basi la abiria likapita.

— Waliniambia — aliendelea. — Anataka watu wawili wa kumgeuza, usiku na mchana. Mimi ni mmoja, tena mbovu.

— Walikwambia lini? — Selotepu aliuliza.

— Kondoo walipokuwa wanazaa.

— Tangu wakati huo! Na sisi tunakuletea njiwa!

— Nilikuwa nawapenda hao njiwa, Ronnie.

Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mtu kuitwa Ronnie pale. Selotepu akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akailaumu baridi. Ni Zamu aliyesogea. Akaweka mkono wake juu ya bega la mwenzake, akauacha hapo, kitu ambacho wazaliwa wa hapa hatukifanyi hadharani.

— Clifford. Enid yuko vipi?

Na Clifford akasema. Alisema kwamba mkono wa kushoto haushiki kitu, lakini wa kulia bado unamfinya akichelewa. Kwamba anamlisha mwenyewe, na Enid anakataa karoti kwa kufumba mdomo kama mtoto. Kwamba nyumba bila yeye imekuwa kubwa mno, wala yeye Clifford halali tena upande wake wa kitanda, analala katikati, vibaya. Kwamba Jumapili Enid hakuuliza habari ya paa.

— Nammisi — alisema. — Nammisi na bado yupo. Sijui hiyo inaitwaje.

Hata Selotepu hakutafuta methali.

Leanne alikuwa ameirudisha penseli sikioni. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

— Mzee wangu, pole sana. Basi hili jambo tuliache. Hakuna ubaya wowote, wala hudaiwi kitu.

— Tuliache? — Clifford akageuka. — Hapana! Nilikuita kwa sababu yake. Wale wauguzi wanaruhusu mtu atoke Jumapili alasiri, na kiti chake cha magurudumu, na msaidizi mmoja. Kwa muda wa saa mbili hivi. Ninachotaka ni chumba ambacho naweza kumwingiza bila kumwua kwa baridi. Wewe unaniuzia mwaka mzima. Mimi nataka alasiri moja tu, na nikipata ya pili nitashukuru.

— Jumapili ipi? — aliuliza Utabiri.

— Sijui. Desemba. Goti linasemaje?

Utabiri alilinyoosha, akalikunja, akalisikiliza kwa makini, kwa mara ya kwanza bila kujitapa.

— Jumapili ya kwanza ya Desemba itakuwa mbaya, bwana. Mvua na barafu mpaka mlangoni.

— Ndiyo hiyo ninayoitaka. Enid alisema chumba kikijengwa kikaliwe.

— Msaidizi ni mmoja, na kizingiti chako kina kidato — alisema Zamu. — Kiti tutakibeba sisi. Wanne tunatosha.

— Ukingo wa kidato nitaufunga utepe — alisema Selotepu haraka. — Magurudumu yasiteleze. Wa fedha.

Safari hii hakuna aliyembishia.

Clifford akamgeukia Leanne, na ghafla akaona haya kama kijana.

— Hilo paa lako. Unaweza kuacha kidirisha kimoja juu? Kidogo tu. Ili mvua isikike.

— Watu hunilipa niizime, mzee.

— Najua.

— Nitaacha kidirisha kimoja. Mvua itagonga.

— Kwa nguvu?

— Ya kutosha.

Maggie akatoka kukusanya vikombe, akaziangalia nyuso zao moja moja. Leanne akafungua mlango wa gari ili Clifford ampeleke kule kichochoroni akapime. Clifford akaweka mguu ndani, akasita.

— Leo nikitoka hapa napanda kilimani — aliwaambia wenzake. — Akiuliza kama paa limekwisha, nitamwambia wanaanza Jumatatu.

— Na asipouliza? — alisema Zamu.

— Nitamwambia vilevile.